KLACHI ILINIUMBUA CHIMALA, BABA AKANIOKOA ILOMBA

Msomaji wangu, kama wewe ni mtu wa gari lisilo na pedali ya tatu, leo unaweza kupumzika. Haya ni ya sisi tuliobaki na michuma ya zamani, ile ambayo ukitaka kuondoka lazima miguu yote miwili iwe kazini.

Mchuma wenyewe ni Land Rover 109, ile ndefu ya Siriz Tatu, uzao uliotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Baba aliinunua kwenye mnada, ikiwa imechoka, kutoka mradi mmoja aliokuwa dereva wake. Akaifufua kwa mikono yake. Ilinipeleka bweni, ilibeba mahindi, ilibeba maharusi na ilibeba marehemu. Mtaani kwetu Iringa watoto waliijua kwa mlio kabla haijakata kona.

Halafu mzee akapata kiharusi. Mungu mkubwa, alipona, ila mguu wa kushoto ukawa hautaki amri. Akahamia Mbeya, kwa shangazi pale Ilomba, awe karibu na matibabu. Land Rover ikabaki Iringa na mimi, binti yake wa kwanza, mwenye leseni na kiherehere.

Kikao cha ukoo kikakaa. Uamuzi: gari liuzwe, pesa zimtibu mzee. Mnunuzi akapatikana hukohuko Mbeya, akaahidi milioni saba akiliona linatembea vizuri. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kulifikisha. Shangazi akanitumia laki nne za mafuta, njia na matengenezo madogo.

Sikieni sasa matengenezo madogo.

KAMWENE FUNDI

Wiki moja kabla ya safari, gia zikaanza kugoma. Namba moja ilikuwa inaingia kwa kelele, na rivasi ndiyo ilipiga yowe kama mbuzi wa Idi. Pedali ya klachi ilikuwa inashuka chini mno, mpaka nikawa nakaa nusu kiti ili niifikishe sakafuni. Nikiikanyaga mara mbili tatu za harakaharaka, gia inaingia. Mimi nikajisemea ndiyo uzee huo, hata bibi ukimwamsha asubuhi haamki mara moja.

Nikaenda gereji moja ya chini ya mti, Iringa hiyohiyo. Jina silitaji maana kesi sizitaki. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, ana miaka kumi na sita, hata baiskeli anaendesha kwa mashaka. Basi nasalimia mimi, "Kamwene fundi," anajibiwa yeye. Naeleza tatizo mimi, anaulizwa yeye, "Kwani bro, ilianza lini?" Dogo naye akakunja uso, akatikisa kichwa kama mhandisi. Nikachoka mwenyewe!

Fundi aliingia, akakanyaga mara moja, akatoka. "Klachi pleti imekwisha, sista. Tunashusha gia boksi. Laki tatu na nusu, pleti na ufundi."

Hakufungua boneti, wala hakuinama chini ya gari. Na mimi, mtoto wa dereva, nikatoa pesa! Sikumuuliza swali hata moja, kwa sababu niliogopa kuonekana sijui kitu. Hapo ndipo nilipoliwa. Wengi wetu gereji tunaliwa na aibu ya kuuliza kuliko bei.

Siku mbili baadaye gari likawa tayari. Klachi ikawa laini, gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Nikamwomba pleti ya zamani, maana baba alitufundisha kuwa spea iliyotolewa ni mali ya mwenye gari. Akasita kidogo, kisha akanipa. Nikaitupa nyuma ndani ya gunia.

Kwa shangazi nikapiga simu: kila kitu poa. Sikumwambia kwamba kati ya laki nne imebaki hamsini, na kwamba mafuta nimejazia mshahara wangu.

CHIMALA, JUA LA UTOSI

Tuliondoka alfajiri, baridi ya Iringa ikiwa imetushika mashavu. Tukashuka Ipogolo, tukaingia barabara kuu ya kwenda Zambia. Ifunda, Mafinga na misitu yake ya mbao, halafu Makambako. Pale tukanywa chai na chapati, dogo akapiga picha na gari kama vile analo yeye. Maisha bomba!

Baada ya Makambako barabara inateremka kwenda bonde la Usangu. Unaacha baridi nyuma, unakutana na joto na mashamba ya mpunga. Tumepita Igawa, pedali ikaanza kunizoea vibaya. Kila nikibadili gia inashuka zaidi ya mara iliyopita. Nikajifanya sioni. Msomaji, gari ni kama mchumba: dalili zote unaziona, unajiambia labda kachoka tu.

Chimala, mbele ya vibanda vya mchele, nikapunguza mwendo kumpisha mama mwenye baiskeli. Nikakanyaga klachi. Pedali ikaenda chini, ikalala palepale! Sikuona upinzani wowote, ilikuwa kama kukanyaga mkate. Gari likazimika katikati ya watu, likaruka kidogo kama chura.

Watu wakajaa, kila mmoja fundi. Kijana mmoja akaleta ushauri wa kumimina mafuta ya kupikia kwenye kikopo cha klachi. Mwingine akasema oili ya injini. Nilikuwa nimeshaanza kukubali, akatokea mzee mmoja dereva wa lori lililokuwa limeegesha, safari yake Tunduma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nani kasema oili? Mkitia oili humo raba zote zinavimba kama maandazi, mtabadilisha mfumo mzima."

Huyu alianza kwa kuuliza. "Binti, gari likiwa linapanda mlima, injini inanguruma halafu gari haliendi? Unasikia harufu ya kuungua?"

Nikasema hapana, mlima linapanda vizuri, tatizo ni gia kuingia.

Akacheka bila furaha. "Basi pleti yako haina kosa. Pleti ikiisha, klachi inateleza: injini inakimbia, gari linabaki. Yako haitelezi, yako haiachii. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, kama kuharisha na kufunga choo."

Umati ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona laki tatu na nusu ikipunga mkono.

Akafungua boneti, akafungua kikopo. Kikavu! Akanieleza pale pale, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Magari mengine pedali inavuta waya. Hili halina waya, lina mafuta ya breki. Ukikanyaga, masta ya juu, ile iliyo kwenye pedali, inasukuma mafuta kwenye bomba. Mafuta yanafika masta ya chini, pembeni ya gia boksi, nayo inasukuma kijiti kinachoachanisha klachi na injini. Mafuta hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika chini kamili. Lakini yakivuja, upepo unaingia. Upepo unabanwa. Ukikanyaga, unabana upepo tu, kijiti hakisogei vya kutosha, gia zinapiga kelele.

"Na ukikanyaga harakaharaka?" nikauliza.

"Unarundika presha kidogo kabla haijatoroka. Ndiyo maana ilikuwa inakubali."

Yaani gari lilikuwa limenieleza ugonjwa wake wiki nzima!

Akainama chini ya gari na tochi ya simu. Masta ya chini ilikuwa imelowa, kifuko chake cha raba kinadondosha. Hapo nikakumbuka lile doa pale nyumbani uani. Nilidhani ni oili ya injini, maana wenye Land Rover tunaambiana kuwa isiyovuja ujue imeishiwa.

"Aliyeshusha gia boksi hii aliuona unyevu huu," mzee akasema. "Akaongeza mafuta kwenye kikopo, ikapona siku tatu, akala pesa yako."

Akatupa nusu chupa ya mafuta ya breki. Akajaza, akanikanyagisha mpaka pedali ikapanda. Akakataa pesa. "Ongeza kila ukisimama. Na usiende usiku." Akapanda lori lake. Hata jina sikumuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

KUENDESHA BILA KLACHI

Tulifika Igurusi, nikaongeza. Mbele tena, nikaongeza, chupa ikaisha. Tukiwa tunakaribia Inyala pedali ikalala moja kwa moja.

Wanaoijua njia hiyo wanajua milima ya Inyala na Mlima Nyoka si mahali pa kuchezea, malori yameua watu wengi pale. Nilitoa gari nje ya lami, nikawaza kulala ndani. Lakini kiza kilikuwa saa moja mbele, na dogo alianza kutetemeka, akisema ni baridi.

Nikakumbuka somo la baba la zamani. Breki za gari hazikuwa na tatizo lolote, ilikuwa klachi tu, la sivyo nisingethubutu. Nikavuta kile kirungu chekundu kuingiza gia za nguvu, zile ndogo. Injini imezimwa, nikaweka namba moja, nikawasha hivyohivyo. Starta ikalivuta gari, injini ikashika, tukaondoka kama konokono mwenye hasira. Kubadilisha ni kwa masikio: unaachia moto, unatoa gia, unasubiri injini ishuke mpaka sauti zipatane, unaisindikiza gia bila kuilazimisha. Ukikosea inakutukana. Mara ya kwanza ilinitukana, mara ya tatu ikaingia kimya.

Tulipanda mwendo wa mpita njia, malori yakitupita kwa honi. Dogo alikaa mlango nusu wazi na jiwe mapajani, tayari kuruka aweke nyuma ya gurudumu tukirudi kinyumenyume. Hakuongea tangu Inyala hadi Uyole. Alipoziona taa za Uyole akasema tu, "Dada, usiniambie niwe fundi tena."

Nisikudanganye: ule ulikuwa ujinga. Ningeweza kumpigia shangazi simu tangu Chimala. Sikupiga kwa sababu angeuliza pesa ya matengenezo iko wapi. Niliona heri mlima kuliko swali hilo.

BABA AKANYAGA

Ilomba tulifika saa tatu usiku. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, na fimbo yake, koti limefungwa hadi shingoni. Aliusikia mlio tangu barabarani.

"Umekuja bila klachi," akasema kabla sijamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Tangu wapi?"

"Inyala."

Akanyamaza. Nikajua niseme yote, nikasema. Laki tatu na nusu, fundi, uongo kwa shangazi, mzee wa lori. Shangazi alisimama mlangoni na sahani ya wali, akaanza kuvuta pumzi ya kunisuta. Baba akainua mkono.

"Lete hiyo pleti ya zamani."

Nikaitoa kwenye gunia. Akaishika kwa mkono wa kulia, akapitisha kucha ya kidole gumba juu ya ripiti. Zilikuwa zimezama ndani, na ngozi ya pleti ilikuwa nene juu yake. Pleti iliyokwisha, ripiti zake zinakuwa juu, zinakwaruza.

"Hii nimeiweka mimi mwenyewe," akasema. "Ilikuwa na maisha marefu." Akairudisha. "Marefu kuliko yangu, nadhani." Hapo sauti yake ikapasuka kidogo, na nikamwona baba yangu mzee kwa mara ya kwanza.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Asubuhi akaniamrisha nivae ovaroli yake. Akakaa kwenye kiti pembeni ya gurudumu, mimi nikawa mikono yake. Bolti mbili, mpira mmoja, masta ya chini ikatoka. Tukaifungua: raba zimechanika, na ndani ya silinda kuna vishimo vya kutu. Akanipitishia kidole humo nivihisi. "Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa," akasema. "Yakikaa miaka bila kubadilishwa, yanatia kutu ndani. Ukiweka raba mpya kwenye kutu hii, zitakatika baada ya wiki chache. Silinda ikiwa laini, raba zinatosha. Hii, nunua nzima."

Ile hamsini iliyobaki nikaongezea ishirini, nikaenda Mwanjelwa. Safari hii nilikwenda na spea ya zamani mkononi, nikalinganisha tundu na tundu, nikauliza maswali mpaka muuzaji akaniita "fundi mama". Nikachukua na chupa mpya ya mafuta ya breki yenye lakiri yake, maana iliyokaa wazi imeshakunywa unyevu. Ukiyamwaga kwenye rangi ya gari yanaichubua, kwa hiyo nilitembea na kitambaa kama mhudumu wa hoteli.

Tukafunga. Ikabaki kutoa upepo, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja juu kwenye pedali, mmoja chini kwenye skrubu ya kutolea upepo. Dogo alikuwa ametumwa sokoni. Shangazi alisema yeye na pedali mbalimbali.

Baba akasimama. Alishika mlango, akashika usukani, akajivuta. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Acha, mama. Kaa chini ya gari lako."

Akaingia. Nikiwa chini nilisikia mguu wa kushoto ukiburuzika sakafuni, ukipandishwa kwa mkono, ukiwekwa kwenye pedali. Kimya. Pedali haikusogea. Tena. Haikusogea. Klachi ya Land Rover ni nzito hata kwa mzima. Mimi chini nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Kisha nikasikia akihama kwenye kiti, akijikunja upande. Akatumia mguu wa kulia.

"Nimekanyaga!"

Nikafungua skrubu. Mapovu yakatoka kwenye kimpira kilichozama ndani ya chupa. Nikafunga. "Achia!" Akaachia. Ukisahau kufunga kabla hajaachia, upepo unarudi uleule.

"Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Achia!" "Tayari!" Kila mara chache natoka kuongeza mafuta kwenye kikopo, maana kikikauka unaanza upya. Mara ya kumi, mara ya kumi na tano. Mapovu yakapungua, yakawa madogo kama ya soda, yakaisha. Mafuta yakatoka safi.

"Imekaza!" baba akapiga kelele. "Mama, imekaza!" Shangazi alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Baba hakushuka. Akauweka tena ule mguu wa kushoto juu ya pedali, sasa imejaa na ina nguvu, akaukandamiza na mkono juu ya goti. Ikashuka kidogo, labda upana wa vidole viwili, ikamrudisha. Akacheka peke yake.

Mnunuzi alikuwa amepanga kuja Jumamosi, siku nne mbele. Kila asubuhi ya siku hizo nne baba alipanda, akakanyaga mara ishirini, na akahesabu kwa sauti. Sisemi klachi ni dawa ya kiharusi, dawa iko hospitali na mazoezi yake alikuwa anafanya. Nasema nilichokiona: Ijumaa alitumia mguu bila mkono, pedali ikafika nusu.

Jumamosi gari likauzwa. Ndiyo, liliuzwa, milioni saba ileile, haikupungua hata mia. Usitegemee mwisho wa sinema. Baba mwenyewe ndiye aliyetoa funguo, akamweleza mnunuzi kila ugonjwa wa gari, pamoja na ile inayovuja nyuma. Gari lilipokata kona alibaki anausikiliza mlio mpaka ukazimika kuelekea Uyole. Kisha akaniambia, "Kabadilisha gia vizuri. Ile klachi umeifunga sawasawa." Laki tatu na nusu za shangazi nazilipa kidogokidogo, bado nadaiwa laki moja.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Kwa hiyo, masela na akina dada wenye michuma, kabla mtu hajashusha gia boksi yako, fanya haya. Jiulize: inateleza au haiachii? Inateleza, hapo pleti ndiyo mshukiwa. Haiachii, gia zinapiga yowe, fungua kikopo kwanza. Kimepungua? Mafuta yamekwenda mahali, yatafute: chini ya mkeka kwenye pedali, au kwenye kifuko cha raba cha masta ya chini. Kikopo kimejaa na hakuna unyevu popote? Kanyaga ushikilie, ikizama polepole yenyewe, masta ya juu inavuja kwa ndani. Mwambie rafiki akanyage, wewe tazama kijiti cha chini: hakisogei vya kutosha, ugonjwa uko kwenye mafuta. Kinasogea vizuri na bado gia hazitaki, hapo ndipo uanze kuzungumza habari ya kushusha gia boksi.

Na uliza. Uliza hata kama dogo wako ndiye anayejibiwa. Spea ya zamani idai.

Baba sasa anatembea hadi dukani na fimbo. Juzi kanipigia simu kwamba jirani yake ana pikapu, klachi inashuka, fundi kasema pleti. Mzee kaingia kukanyaga mwenyewe. "Mguu gani baba?" nikamuuliza.

Akakata simu.